Ubao wa Kocha

“Rudia! Rudia mbele ya afande, uniite mwizi tena!”

“Sijakuita mwizi, Shangazi. Nimesema jana jioni mlikuwa wawili tu humu ndani, wewe na Baba.”

“Na baba yako mkono umekufa. Sasa amebaki nani? Paka?”

“Hatuna paka.”

“Umeona, Afande? Umeuona huo mdomo?”

Inspekta alikuwa amesimama kizingitini, kofia mkononi, akisubiri wavute pumzi. Hawakuvuta. Ikabidi agonge kwa funguo zake mlango ambao tayari ulikuwa wazi.

“Basi,” alisema. “Mmoja mmoja.”

Katika miaka yake yote ya upelelezi alikuwa hajaona mtuhumiwa akijipeleka mwenyewe. Kituo kilikuwa ng'ambo ya barabara. Shangazi alikuwa ameingia na taulo la saluni begani, akapiga meza ya mapokezi na kutangaza: “Nimeitwa mwizi na mtoto wa kaka yangu. Nataka nipekuliwe.” Inspekta alikuwa na mafaili mazito zaidi, lakini aliijua sauti ya familia inayokaribia kuvunjana. Alimchukua konstebo mmoja wa makamo, mwenye miwani na mkoba wa vifaa, wakavuka.

“Kimeibiwa nini?”

“Ubao wangu,” alisema msichana. Nywele zake zilikuwa zimesukwa upya, gauni limepigwa pasi, macho mekundu. “Nina usaili leo chuo kikuu. Adhuhuri. Bila ule ubao sina cha kuonyesha.”

“Usaili wa nini?”

“Tiba kazi.”

Inspekta alimgeukia mama wa nyumba, aliyekuwa amejifunga kanga kiunoni kama mtu anayengoja kuamua ugomvi.

“Ni ile kazi ya kumfundisha mgonjwa kuishi upya,” mama alisema. “Avae mwenyewe, ale mwenyewe, aoge mwenyewe. Mume wangu alipopata kiharusi, hospitali walimrudisha nyumbani kama mzigo. Huyu ndiye aliyemfundisha kushika kijiko kwa mkono wa kushoto. Anamwamrisha asubuhi hadi jioni, ndiyo maana tunamwita Kocha.”

“Na chuo kikuu kinataka ubao?”

“Kila mwombaji aende na kitu alichotengeneza mwenyewe, kinachomsaidia mtu halisi kufanya jambo la kila siku,” Kocha alieleza. “Mimi nilitengeneza ubao wa mazoezi, mkubwa kama sinia. Una vifungo vya shati, zipu, komeo, koki ya bomba, kichuma cha mkanda. Baba anaufanyia mazoezi kila asubuhi.”

“Miaka minne chuoni kujifunza kufunga vifungo!” Shangazi alidakia. “Mimi nilimwambia aje saluni. Kazi ipo, kiti kipo.”

“Kwa hiyo hukutaka aende,” Inspekta alisema.

Shangazi alianza kukagua kucha zake.

Pembeni ya dirisha, kwenye kiti kikubwa cha mbao, alikaa baba mwenyewe, mtaani wakimwita Fundi. Alikuwa fundi cherehani aliyewahi kushona suti za nusu ya mtaa. Mkono wake wa kulia ulilala mapajani kama kitu alichoazima kwa mtu. Inspekta alimwamkia.

“Shikamoo, Mzee.”

“Marahaba, mwanangu. Samahani kwa kelele. Hawa ni redio isiyo na kitufe cha kuzimia.”

“Na wewe leo mbona umekaa juu kama hakimu?” mkewe alimuuliza kwa hasira ya jumla, isiyomlenga mtu.

Eneo la tukio lilikuwa chumba hichohicho cha kukalia. Kabati la nguo lilikuwa wazi, ufunguo unaning'inia kitasani. Ndani mlikuwa na mashuka na mkebe wa vifaa vya kushonea. Juu ya rafu kulikuwa na chupa pana ya glasi, yenye kifuniko cha kuzungusha. Kifuniko kilikuwa kimekazwa. Chupa ilikuwa tupu.

“Ufunguo hukaa humo,” Kocha alisema. “Chupa yenyewe ni zoezi. Nilimwambia Baba, siku utakayoifungua, kabati ni lako na mkasi wako umo. Huwa anajaribu. Haijawahi kufunguka.”

“Nani ameishika leo?”

“Hakuna. Nimeamka nikakuta kabati wazi, nikaanza kupiga kelele.”

“Na jana?”

“Naifuta kila baada ya mazoezi, maana jasho hutelezesha. Jana mchana niliufungia ubao kabatini, nikatia ufunguo chupani, nikaifunga, nikaifuta kwa kitambaa. Jioni tukaenda na Mama kusuka nywele, tukarudi usiku, tukalala bila kuwasha taa humu.”

“Naye Shangazi akabaki na mgonjwa.”

“Nilikaa kidogo tu!” alisema Shangazi. “Mteja akanipigia simu, nikaondoka. Kaka alisema niende, yeye atasinzia.”

“Alisema uende?”

“Alinifukuza hasa.”

Inspekta alitikisa kichwa taratibu. Kisha akaitazama ile chupa. Mwizi alikuwa na nyumba nzima mbele yake, ana haraka, lakini baada ya kutoa ufunguo amekirudisha kifuniko mahali pake. Wezi aliowajua yeye hawakuwa na malezi ya namna hiyo.

“Konstebo, alama.”

Konstebo alivaa glavu, akanyunyiza unga mweusi kwa brashi laini. Wote walisogea, hata Shangazi. Alama za vidole zilijitokeza kwenye glasi moja baada ya nyingine, kama watu wanaoamka.

“Mkono mmoja tu kwenye glasi, Afande. Mwingine kwenye kifuniko.”

“Upi uko wapi?”

Konstebo aliinama, akavua miwani, akaivaa tena. “Glasi imeshikwa na mkono wa kulia. Kifuniko kimezungushwa na wa kushoto.”

Jikoni kulikuwa na chupa ya achari. Inspekta aliichukua, akampa mama. “Fungua.” Mama aliishika kwa kushoto, akazungusha kwa kulia. Kocha vilevile. Shangazi alijaribu, kucha zake ndefu za bandia zikateleza kwenye kifuniko mara tatu, ukucha mmoja ukaruka mpaka chini ya meza.

“Hizi za jana,” alilalamika. “Mimi hata soda hufunguliwa na wateja.”

“Basi umejitetea vizuri kuliko wakili,” Inspekta alimwambia. “Wewe si mwizi.”

Shangazi alimtazama Kocha. Akalirusha lile taulo begani kama mtu aliyeshinda kesi ya ardhi.

“Ni nani hufungua chupa kinyume?” Inspekta aliuliza, kana kwamba anajiuliza mwenyewe. “Ni mtu ambaye mkono wake wa kulia unaweza kushika tu, kuzungusha bado. Nguvu iko kushoto.”

“Afande,” alisema Fundi, akicheka kidogo. “Huu mkono ni marehemu. Unatafuta alama za marehemu?”

“Konstebo, kuna kovu lolote kwenye hizo alama?”

“Lipo, Afande. Kidole cha shahada cha kulia. Nukta katikati, kama pametobolewa.”

“Mzee, sindano ya cherehani imewahi kukupitia kidoleni?”

Fundi aliacha kucheka.

Inspekta alisogea mpaka kwenye kiti. Hakuwa na haraka sasa. Alitazama miguu ya mzee: visigino vilikuwa vinaelea, havigusi sakafu, ilhali sakafu chini ya kiti ilikuwa na madoa mawili yaliyolika, mahali miguu hiyo ilipozoea kukaa. Akachuchumaa nyuma, akaupapasa mto wa kiti. Mshono wa zamani ulikuwa wa mashine, uzi umefifia. Upande wa nyuma palikuwa na uzi mweupe, mpya, wa mkono.

“Njoo uone, Kocha.”

Msichana alichuchumaa kando yake.

“Hapa mwanzo, stichi zimetapakaa kama nyayo za kuku,” Inspekta alisema. “Hapa katikati zinatulia. Ona hapa mwisho.”

Mwisho mshono ulikuwa umenyooka, stichi ndogo zinazolingana, fundo limefichwa ndani.

“Mtu mwingine angeuacha mto wazi, akaufunika kwa kitambaa. Fundi hawezi. Tena mshono wa namna hii hautoki kwenye mkono mmoja. Mmoja unabana kitambaa, mwingine unavuta sindano. Mzee, naomba usimame.”

Fundi alichukua fimbo yake, akasimama. Inspekta alifumua upande wa mshono wa zamani kwa kisu kidogo, ule mpya akauacha mzima. Kutoka kwenye sponji akavuta ubao. Koki ilikuwa imeng'oka, komeo limepinda, zipu imepasuka. Uzito wa mtu mzima ulikuwa umeuponda tangu asubuhi.

Mama alishika kichwa. Kocha hakulia. Aliigusa zipu iliyopasuka.

“Baba?”

“Ni mimi,” alisema Fundi. “Andika, Afande. Ni mimi.”

“Kwa nini, Mzee?”

Fundi hakumtazama Inspekta, alimtazama binti yake.

“Mkono uliamka kabla ya mvua kuanza. Kidole kimoja, kisha viwili. Nikataka kukuita. Nikasema, ngoja. Huyu akijua kuwa nimepona ataondoka, bweni lenyewe liko mbali. Nikawa nashindwa makusudi. Kila asubuhi unanipa ile chupa nami naikunjia uso kama mwigizaji. Ukitoka naifungua.”

“Miezi yote hiyo?”

“Unanigombeza asubuhi. ‘Baba, vidole! Baba, acha uvivu!’ Kabla yako nilikuwa nimekaa hapa nasubiri kufa, watu wakiniongelea juu ya kichwa changu. Nikaona, ukienda na huo ubao, watakuchukua. Nani asingekuchukua? Basi nikaona nisikupe cha kwenda nacho.” Aliufuta uso kwa kiganja. Kiganja cha kulia. “Nilitaka kukurudishia leo, walahi. Lakini ulipoanza kupiga kelele asubuhi nilikuwa nimeshaukalia, nikaona aibu kunyanyuka.”

“Ukamwacha dada yako apakwe matope!” Shangazi alisema.

“Nisamehe, dada.”

“Na mimi nisamehe, Shangazi,” Kocha alisema harakaharaka, macho bado kwa baba yake.

“Nitafikiria,” alisema Shangazi, tayari akitafuta ukucha wake chini ya meza.

Inspekta alifunga daftari. “Kisheria mali ni ya binti. Kocha, unashitaki?”

Kocha aliichukua ile chupa ya achari, akaikaza kwa nguvu zake zote, akamwekea baba yake mkononi.

“Fungua.”

“Mwanangu…”

“Fungua nione, Baba.”

Mzee aliishika kwa kulia. Vidole vilitetemeka, vikajikunja kwenye glasi, vikabana. Mkono wa kushoto ukazungusha. Kifuniko kikalia *paku*. Mama alitoa sauti ambayo haikuwa neno. Lakini Kocha alikuwa ameinama, anatazama kifundo cha mkono kwa karibu sana, kama mtu anayesoma.

“Unabana na kidole gumba kwa ndani,” alisema. “Sikukufundisha hivyo.”

“Ni namna ya kushika mkasi.”

“Nilikuwa nakupa vifungo, kumbe mkono wako ulitaka mkasi.” Alicheka huku machozi yakimtoka hatimaye. “Nashitaki, Afande. Ninashitaki kabisa. Na adhabu naitoa mwenyewe.”

“Itoe,” alisema Fundi.

“Ubao umevunjika. Sina kifaa. Chuo kinataka kuona mtu halisi akifanya jambo la kila siku. Utakwenda wewe. Utasimama mbele ya maprofesa na mkasi wako na huo mto, utawaonyesha mshono, mwanzo wake na mwisho wake. Ukijifanya marehemu tena pale, nakuacha hukohuko.”

“Na wakikuchukua?”

“Nitakwenda, Baba. Na kila asubuhi nitakupigia simu nikugombeze.”

Fundi aliiweka chupa mezani. Kisha akamwambia mkewe: “Nipe shati langu jeupe. Usinifunge vifungo.”

Hakuna aliyemfunga. Walisimama wote wakimtazama, hata Konstebo aliyekuwa akijikaza kuizuia mikono yake isisaidie. Kifungo cha pili kilimponyoka mara kadhaa. Mama alijiuma mdomo. Kikaingia.

“Chuo kiko mbali, na muda unakwisha,” Shangazi alisema. “Mtafikaje?”

Inspekta alivaa kofia. “Mtuhumiwa amekiri. Lazima asafirishwe.”

Wakatoka, Kocha amekumbatia mto kama kielelezo cha mahakamani, Konstebo amebeba ubao uliovunjika ili nao uonekane. Inspekta alikuwa ameliita gari la polisi kutoka kituoni, nalo lilikuwa limegeuzwa tayari. Majirani wakajaa kwenye vibaraza.

“Jamani, Fundi kakamatwa!” mmoja alipaza sauti.

“Nimekamatwa!” Fundi alimjibu, akipanda kiti cha mbele. “Tena na binti yangu mwenyewe!”

Konstebo alinyoosha mkono kumfungia mlango.

“Acha,” alisema Kocha kutoka nyuma.

Fundi aliushika mpini wa mlango kwa mkono wa kulia, akauvuta. Ukafungika. Gari likaondoka.