Maji ya Baridi, Mke Wangu

Fundi wa kuchomelea vyuma alikuwa na majivuno yake ya asubuhi: kuoga maji ya baridi. "Maji ya moto ni ya wagonjwa," angesema akijipiga kifua. Majirani wakambandika jina la Barafu, naye akalipenda kweli. Mkewe alimcheka tu. Barafu gani! Siku alipoungua mkono kazini, akabaki na kovu refu, alilia mpaka mtaa mzima ukajua.

Walipohamia nyumba ya kupanga, mama mwenye nyumba aliwaonyesha sufuria kubwa nje ya bafu. "Humu tunaoga maji ya moto," akasema. "Yachemsheni hata kukiwa na joto."

Fundi akacheka. Yeye alichoona ni mlango wa bafu uliooza. Siku hiyohiyo akaweka wa chuma, na komeo nene kwa ndani. Kazi yake haikuwa ya kubahatisha.

Asubuhi akaingia kuoga. Mkewe, ambaye hakutaka ubishi na mwenye nyumba, alikuwa jikoni akichemsha maji yake. Akamsikia mumewe akihema kwa baridi, kisha akicheka.

"Wewe mwanamke, umeingiaje? Haya, sugua hapohapo mgongoni."

Mkewe akaganda. "Mimi niko jikoni, mume wangu."

Maji tu yakimwagika.

Kisha kishindo. Kichwa kiligonga ukuta. Kikagonga tena. Fundi alipiga yowe, likakatwa katikati. Damu ikapita chini ya mlango na povu la sabuni. Ndani ya povu, jino.

Mkewe akaupiga mlango kwa bega. Kwa shoka. Wapi! Chuma cha mumewe hakikutikisika.

"Fungua komeo!"

"Ananivuta," fundi akakoroma. "Chini. Ananivuta chini."

Mifupa ikalia.

Mkewe akakumbuka sufuria ya maji yaliyokuwa yakichemka jikoni, akaikimbilia. Juu ya mlango palikuwa na uwazi. Akimwaga, atamuunguza na mumewe. Asipomwaga, atamzika. Akapanda kwenye ndoo.

"Nisamehe, jamani," akanong'ona, akamwaga yote.

Walilia wawili. Halafu mmoja. Halafu komeo likafunguka taratibu.

Mumewe akatoka, akitabasamu. Mkewe akamkumbatia, akalia kwa furaha kama mtoto. Mwili wake ulikuwa baridi. Haukuwa na lengelenge hata moja. Meno yote yalikuwapo. Jino lilikuwa bado pale sakafuni.

Akautazama ule mkono. Haukuwa na kovu.

"Umeniokoa," yule akanong'ona, akaenda kuvaa nguo za fundi.

Ndipo sauti ikatoka kwenye tundu la maji machafu, ndogo, ya mtu anayelia ovyo kwa kuungua.

"Maji ya baridi, mke wangu."

Mpaka leo, yule bwana akishaenda kazini, mke wa fundi hupiga magoti bafuni na kumimina ndoo za maji ya baridi tunduni. Majirani humsikia akibembeleza. Na kila akimimina, mvuke hupanda.