Kabla Hujapiga Windows

Isabela alibonyeza kitufe cha kuwashia kompyuta, akaenda jikoni kugeuza mihogo. Aliporudi, kiduara kidogo kwenye kioo kilikuwa kinazunguka. Akaenda kuwawekea kuku maji. Aliporudi, kiduara bado kinazunguka.

"Baba Cecil!" aliita. "Njoo uione kompyuta yako."

"Ikiharibika ni yangu," Yoeli alijibu kutoka uani. "Ikiwa nzima ni yako."

Isabela alikuwa mwalimu wa shule ya msingi huko Lisekese, Masasi. Kwenye kompyuta hiyo alitunza mitihani ya wanafunzi wake. Yoeli, mumewe, alilima mikorosho. Yeye kazi yake kwenye kompyuta ilikuwa moja tu, kutazama filamu. Kila jioni alirudi na flashi ya rafiki yake Bwanali, akaichomeka bila kuuliza ilitoka wapi.

"Nilikwambia hizo flashi zitatuletea virusi," Isabela alisema.

"Kwako kila kitu ni virusi."

Kioo kikawa cheusi. Kisha yakatokea maandishi kwamba mfumo umeshindwa kuwaka. Kisha kikawa cheusi tena. Yoeli akaigonga kompyuta ubavuni kwa kiganja.

"Usiipige! Hiyo si redio!"

Walilala wamenuniana.

Kesho yake Isabela alirudi kutoka shuleni, akakuta meza tupu. Kilichobaki kilikuwa kitambaa chake cha kufumwa. Alimpigia mumewe simu.

"Nimeipeleka mjini kwa fundi Hamidu," Yoeli alisema kwa furaha. "Anaipiga Windows, mambo yaishe."

"Umemwambia habari za sauti za baba?"

"Sauti gani?"

Isabela aliketi kitini.

Baba yake, Mzee Alfredi, aliishi Newala kwa Esther, mdogo wake Isabela. Wakati wa likizo moja, Isabela alikaa naye akamrekodi kwa simu. Mzee alieleza kwa Chimakonde jinsi wazee wao walivyopanda uwanda wa juu kutafuta usalama. Alitaja majina ya mababu na mabibi. Aliimba nyimbo za kulimia. Baadaye mzee alipata kiharusi. Alipona, lakini mkono mmoja ulipooza na hakuweza tena kusema. Simu ile nayo iliibwa sokoni. Sauti zilibaki kwenye kompyuta, na hazikuwa mahali pengine popote.

Alimpigia Hamidu. Simu haikupatikana. Akapiga tena. Haikupatikana. Akasimamisha bodaboda.

"Twende mjini. Haraka, lakini usituue."

Alimkuta Hamidu amekaa mlangoni mwa duka lake, anajipepea na kipande cha boksi.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Umeshaifuta?"

"Nitaifuta na nini? Umeme hatuna tangu asubuhi. Hata simu yangu imezima."

Kila wiki Isabela aliulaani umeme wa kukatika. Siku hiyo nusura apige magoti.

"Lakini nilimuuliza Baba Cecil kama kuna kitu cha kutunza," Hamidu aliendelea. "Akasema humo hamna kitu cha maana."

Maneno aliyokuwa nayo Isabela hayakufaa kusemwa dukani kwa watu.

Umeme uliporudi, Yoeli naye alikuwa amefika. Alisimama pembeni, anatazama viatu vyake. Hamidu akaweka kompyuta mezani.

"Mwalimu, kompyuta haijafa," alisema. "Kilichoharibika ni mfumo. Mfumo ni programu kubwa inayoiamsha kompyuta na kuendesha programu nyingine zote. Virusi vimeuvuruga. Mafaili yako yamo kwenye diski. Lakini watu wakisema 'nipigie Windows', mara nyingi fundi hufuta diski yote ndipo aweke mfumo mpya. Mfumo wa zamani unaondoka, na mafaili yanaondoka."

"Na yakishafutwa hivyo?"

"Kuyarudisha ni kazi ngumu, na mara nyingi haiwezekani. Kwa hiyo tunatoa nakala kwanza. Kufuta baadaye."

Alichomeka flashi yenye mfumo wake mwenyewe, akaiwasha kompyuta kwa kutumia flashi hiyo. Kisha akachomeka diski ya nje, ile watu wanayoiita eksteno, akaanza kunakili. Walisubiri.

"Tayari," alisema. "Sasa naweza kufuta."

"Bado," Isabela alisema. "Fungua nione."

Hamidu akafungua. Mitihani ilikuwepo. Picha za ubatizo wa Cecil zilikuwepo.

"Sauti ziko wapi?"

Hamidu akatafuta. Hazikuwepo.

"Si amesema tayari?" Yoeli aliuliza.

"Amesema tayari. Sauti ziko wapi?"

Hamidu alikuna kichwa. "Nimechukua folda ya nyaraka na ya picha. Ndizo watu wengi wanazotumia. Sauti ulizitoaje kwenye simu?"

"Nilijitumia kwa WhatsApp, kisha nikazipakua."

"Ah! Basi ziko kwenye folda ya vitu vilivyopakuliwa. Nisamehe, mwalimu. Ningezifuta hivi hivi."

Alizikuta huko zote. Akazinakili, akafungua moja ili wahakikishe. Sauti nzito ya Mzee Alfredi ikajaa dukani. Wateja waliokuwa wanabishana wakanyamaza. Isabela aligeuka, akatazama barabarani.

"Ndiyo hizo?" Hamidu aliuliza taratibu.

"Ndiyo hizo."

Sasa Hamidu akafuta diski na kuweka mfumo mpya. Hakutumia Windows ya wizi. Kompyuta ile ilinunuliwa pamoja na leseni yake, na programu za wizi mara nyingi huja na virusi vyake. Akaweka kinga ya virusi. Akamwonyesha Yoeli jinsi ya kuikagua flashi kabla ya kuifungua.

"Kila mara?" Yoeli aliuliza.

"Kila mara. Hata ya Bwanali."

"Hasa ya Bwanali," Isabela alisema.

"Na nakala isikae mahali pamoja na kompyuta," Hamidu aliongeza. "Mwizi akija atabeba vyote. Nunueni eksteno, muiweke nyumba nyingine. Nakala nyingine iwekeni kwenye hifadhi ya mtandaoni, kwa nywila ambayo mtu hawezi kuibahatisha. Ukiongeza mafaili, nakili tena. Kisha fungua uone, kama ulivyonifanyia leo."

Yoeli alitaka kusema kwamba usumbufu huo ni mwingi. Alimtazama mkewe, akayameza maneno yake. Eksteno waliinunua, wakaipeleka Newala kwa Esther.

Masika yalipofika, radi ilipiga karibu na nyumba. Kompyuta ilikuwa kwenye umeme. Ilitoa harufu ya kuungua, na haikuwaka tena. Yoeli alijishika kichwa.

"Mama Cecil, ni mimi niliyeiacha kwenye chaji."

"Najua ni wewe," Isabela alisema. "Siku zote ni wewe. Vaa viatu, twende Newala."

Kwa Esther walichomeka eksteno kwenye kompyuta yake. Mitihani yote ilikuwepo. Kisha Isabela akafungua sauti, wajukuu wakakusanyika. Mzee Alfredi alikaa kitini, mkono wake mzima juu ya goti, anajisikiliza akisimulia safari ya wazee.

Ghafla alijipiga gotini kwa kiganja. Akatikisa kichwa kwa hasira. Isabela akasimamisha sauti.

"Vipi, baba? Unaumwa?"

Mzee akaionyesha kompyuta kidole, akatikisa kichwa tena.

"Amekosea!" Esther alisema. "Baba anasema yule aliyemo humo amekosea!"

Wakarudia maneno yale polepole. Kosa lilikuwa jina la babu aliyetangulia kupanda. Wakaanza kumtajia majina ya wazee, mmoja baada ya mwingine. Mzee alikataa, akakataa, akawatazama kana kwamba amezaa wajinga watupu. Kisha Yoeli akataja jina moja kwa kubahatisha.

Mzee Alfredi akafumba macho, akaitikia kwa kichwa.

Isabela aliandika jina hilo kwenye kompyuta ya Esther. Akalihifadhi, akalinakili kwenye eksteno, akalifungua.

Lilikuwepo.