Mlango wa Ndege Uliosuguliwa

Kila Jumamosi asubuhi, Ayuma alishuka ngazi za ghorofa lao la mtaa wa Huruma akiwa amebeba chakula cha baba yake, akatembea hadi Kariobangi. Baba yake, Kweyu, alikuwa fundi wa kuyeyusha alumini. Fremu za madirisha, rimu za magari na mabirika yaliyochoka na maisha viliingia kwenye tanuri lake na kutoka vikiwa sufuria. Kazi ya Ayuma ilikuwa kuzisugua sufuria hizo kwa mchanga na nyuzi za chuma mpaka zing'ae.

"Mama akija kununua anataka kuona meno yake humo ndani," baba yake alimwambia. "Asipoyaona, anakwenda kwa jirani."

Ayuma alikuwa na miaka kumi na miwili, na mikono yake haikuweza kuona uchafu ikatulia. Jacklyne, rafiki yake wa darasani, alimtania kwamba siku akimpata paka mweusi atamsugua mpaka awe mweupe.

Jumamosi moja, lori lilimwaga mzigo mgeni mbele ya karakana. Dereva alisema vipande hivyo viliokotwa na wafugaji kwenye vilima vya kaskazini. Vilikuwa vyepesi, vimepindapinda, na ribiti zake, zile pini za kuunganishia bati, zilijipanga kama punje za mahindi kwenye gunzi. Kimoja kilikuwa kipana, kona zake za mviringo.

Wiki hiyo Mwalimu Ndunge alikuwa amemwagiza kila mwanafunzi alete picha moja ya kazi zinazofanywa mtaani. Ayuma akaazima simu ya baba yake, akakipiga picha kile kipande. Akaitazama. Masizi, vumbi, rangi ya buluu iliyobambuka na alama nyeusi kama herufi. Ilikuwa picha mbaya kweli.

Basi akafanya alichozoea kufanya. Alichota mchanga, akashika nyuzi za chuma, akasugua nusu saa nzima. Rangi ikatoka, alama nazo zikatoka. Kipande kikang'aa kama kioo cha kinyozi. Akapiga picha ya pili, na ile ya kwanza akaifuta.

Picha hiyo iliyong'aa ilishika nafasi ya kwanza katika maonyesho ya shule. Wazazi waliikodolea macho ukutani. Miongoni mwao alikuwa Mzee Job, fundi wa ndege mstaafu, aliyekuja kuona picha ya mjukuu wake. Alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Nani amepiga hii?"

"Mimi, Mzee," Ayuma alijibu kwa furaha.

"Mwanangu, huu ni mlango wa ndege. Ndege ndogo za zamani. Tazama ribiti zilivyozunguka hapa, na tundu hili la kitasa." Akasogea karibu zaidi. "Lakini kila ndege ina herufi zake, kama gari lilivyo na namba. Ulipoupiga picha haukuwa na herufi?"

Ayuma alimwona Mwalimu Ndunge akimtazama. Alikiona cheti kilichobandikwa kando ya picha yake.

"Haukuwa na herufi," akasema.

Mwalimu na Mzee Job walikwenda Kariobangi wakatafute vipande vingine. Kweyu alijikuna kichwa.

"Huo mlango mwalimu aliniomba nimwekee. Lakini hivyo vingine, Mzee, vimeshakuwa sufuria. Saa hizi vinachemsha maharagwe huko Dandora."

Mafundi wakacheka. Mzee Job hakucheka.

"Ndani ya ndege hiyo mlikuwa na watu," alisema, na vicheko vikakatika.

Mtaani Huruma maji hupanda ghorofa kwa kubembelezwa, lakini habari hupanda zenyewe. Kabla ya jioni, habari za mlango zilikuwa zimemfikia Bibi Aoko wa chumba cha chini, ambaye watoto wote wa ghorofa walimwita Dani, yaani bibi kwa Kijaluo. Alikuja kwa kina Ayuma akiwa amekumbatia mkebe wa majani ya chai.

Mkebeni mlikuwa na barua moja, iliyokunjwa mpaka mikunjo ikatoboka. Iliandikwa na wenye ndege mwaka 1979. Mume wake, Oketch, alikuwa fundi wa injini pale reli. Siku moja aliombwa aende kaskazini kutengeneza jenereta ya hospitali, akapandishwa ndege ndogo. Ndege haikufika, wala haikurudi. Barua ilitaja herufi zake. Mbili za mwisho zilikuwa H na V.

"Shemeji zangu waliniambia tuzike yago," Dani alisema. Yago ni lile tunda refu ambalo Wajaluo huzika mahali pa mtu ambaye mwili wake haukupatikana. "Nikakataa. Ningezikaje tunda, na mwenyewe pengine yuko njiani? Nilipoondolewa kwenye nyumba ya reli kule Makongeni, niliacha anwani yangu pale, ili akirudi asihangaike. Kila mwezi huenda kuuliza kama kuna aliyekuja."

Mzee Job, aliyeitwa haraka, alishika barua kwa vidole viwili kana kwamba ingemwaga maji. Alieleza polepole kwamba ndege mbili za aina hiyo zilipotea upande ule katika miaka hiyo. Mlango ungeweza kuwa wa hii au wa ile. Bila herufi, hakuna mtu mwenye haki ya kumwambia mama huyu kwamba amefiwa.

Dani alimgeukia Ayuma. "Nyakwara, mjukuu wangu, wewe ndiye uliyeuona kwanza. Hata kaherufi kamoja?"

Ayuma akatikisa kichwa. "Hapana, Dani."

Bibi akafunga mkebe wake. Ilimchukua muda mrefu, kwa sababu kifuniko kilikuwa kimepinda, naye alikifungua tena na tena kuigusa barua.

Kwa wiki mbili Ayuma hakula vizuri. Alimsikia Dani usiku, kupitia sakafu, akikohoa. Jumamosi alisugua sufuria tatu tu, akaacha.

"Wewe na hizo sufuria mmekosana?" Jacklyne alimuuliza walipokuwa wakichota maji. "Niambie, ama nitangaze kwamba una mchumba."

Ayuma akatokwa na machozi, akamwambia yote. Jacklyne aliweka ndoo yake chini. Kisha akauliza, "Uliifuta lini?"

"Siku ileile niliyopiga."

"Picha ukifuta hazipotei hapo hapo. Simu huziweka kwenye takataka siku thelathini, halafu ndiyo inazitupa kabisa." Akahesabu kwa vidole, akarudia. "Ayuma, leo ni ya ishirini na tisa!"

Ayuma aliacha mtungi ukifurika. Alikimbia hadi Kariobangi, akamkuta baba yake mbele ya tanuri, jasho likimtiririka.

"Baba, nimesema uongo. Mlango ulikuwa na herufi. Mimi ndiye niliyezisugua, na nikakana."

Kweyu aliweka koleo chini. Ayuma alingoja makelele, ambayo hayakuja. Baba yake alitoa simu mfukoni, akampa.

"Itafute," alisema. "Halafu utamwambia Dani mwenyewe. Mimi sitakusemea hata neno."

Picha ilikuwa pale, chafu vilevile. Chini yake simu ilikuwa imeandika kwamba imebaki siku moja.

Jioni hiyo Mzee Job aliikuza picha kwenye kompyuta ya Mwalimu Ndunge, katikati ya masizi na buluu iliyobambuka. Herufi ya kwanza ilikuwa imeliwa na moto. Mbili zilizofuata zilisimama wima, nyeusi: H na V.

Ayuma alikuwa amepiga magoti mbele ya Dani na kumweleza kila kitu kabla picha haijafunguliwa. Dani alipoziona herufi, alipitisha kidole kwenye kioo, kutoka ya kwanza hadi ya pili. Kisha akajifunika uso kwa leso yake, akalia kwa sauti ndogo, kama mtu asiyetaka kuwaamsha wengine.

Siku tatu baadaye Dani alikuwa tayari kusafiri kwenda kijijini kwao Ugenya kuzika yago. Kweyu alikuwa amempa ule mlango, nao ulifungwa ndani ya leso ili uwekwe kaburini kando ya tunda. Lakini kwanza Dani alitaka kupitia Makongeni, na akasema Ayuma atamsindikiza.

Mama aliyeishi kwenye nyumba ile ya zamani aliwafungulia, akawakaribisha kwa heshima, kama mtu aliyemzoea. Nyuma ya mlango palikuwa na karatasi iliyobandikwa, iliyogeuka rangi ya chai.

"Nisomee, macho yangu siku hizi ni ya kubahatisha," Dani alimwambia Ayuma.

Ayuma akasoma. "Oketch, nimehamia Huruma. Shuka karibu na soko, uulize Aoko. Chakula kipo."

Kisha akamgeukia bibi. "Dani, nisamehe."

"Kusugua nilikusamehe siku ileile. Mtoto wa fundi wa sufuria, ungefanya nini kingine?" Dani alitabasamu kidogo, kisha tabasamu likaondoka. "Lakini nilikuuliza ukinitazama machoni, ukanificha. Zile wiki mbili ziliniuma kuliko miaka yote, kwa kuwa jibu lilikuwa karibu. Kila mtu hukosea, nyakwara. Ukikosea, sema siku hiyohiyo, wakati bado kuna cha kuokoa. Wewe ulibakiza siku moja tu."

"Ndiyo, Dani."

"Haya. Wewe una kucha. Ibandue polepole, isichanike."

Ayuma akaibandua karatasi kona moja baada ya nyingine. Mahali ilipokuwa palibaki pamejaa rangi safi, mraba mdogo kwenye mbao zilizofifia. Mikono yake, iliyozoea kusugua, haikutaka kupagusa. Dani aliikunja karatasi, akaitia mkebeni pamoja na barua, na safari hii kifuniko akakifunga kwa mara moja.