Kiti cha Katekista Nkwabi

Mama Akeyo alikutwa amekufa kando ya barabara ya Pasiansi alfajiri ya Jumatatu, Juni 1996. Ndoo yake ilikuwa imemwagika na mbwa waligombania mapanki, mifupa ya sangara aliyokuwa akikaanga na kuuza. Aligongwa na pikipiki, akaachwa. Daktari alisema jambo lililomchoma Sajini Justa wa polisi: kama angewahishwa hospitali, angepona.

Kipande cha kioo kilichookotwa pale kilikaa sawasawa kwenye taa ya pikipiki ya Nkwabi, katekista wa kigango. Kufikia saa nne, uani kwake, majirani walikuwa wameshahukumu. Muuza maziwa alimwona mwendesha pikipiki kwa mbali, mtu mrefu. Basi ni Okwach, mnunuzi wa samaki kutoka Mara, aliyezoea kuiazima! Ngosha, mdogo wake katekista, naye alikuwa mrefu, tena alirudi juzi tu kutoka Geita, alikochimba dhahabu mwaka mzima baada ya kupunguzwa kazi kiwanda cha nguo. Lakini nani amshuku mtu wa kwao? Mgeni ndiye mwenye makosa siku zote. Justa aliwasimamisha wote wawili kando ya pikipiki; nje ya ua watu walishaanza kuokota mawe.

"Shikamoo, katekista. Ufunguo unakaa wapi?" Justa aliuliza.

"Marahaba, mwanangu. Msumarini, karibu na mlango. Anayetaka anachukua. Mimi nililala na homa."

"Leo umeipanda?"

"Nilijaribu, niende msibani. Kiti kikanitupa nyuma, goti likauma, nikashuka."

Kiti hicho alikibuni mwenyewe. Mguu wake mmoja ulikuwa mgumu, kwa hiyo alikiweka juu ya vipande vya bomba vyenye matundu; ukichomoa pini kinapanda au kushuka. Kwaresima iliyopita goti lilikaza zaidi, akaongeza bawaba na nati mbili za masikio, za kukazwa kwa vidole, ili kiti kiinamie mbele. Ukikivuta juu kinajilaza sawa, mpaka nati zilegezwe na kiinamishwe upya. Kila aliyeazima alikipandisha, kisha akakirudisha anavyokitaka katekista. Ndiyo iliyokuwa shukrani yao.

Justa aliinama kukitazama. Kilikuwa chini kabisa, lakini kimelala sawa.

"Okwach, kipandishe. Halafu kirudishe kama unavyomrudishia katekista."

Okwach alishika pini. Alikipandisha, akakishusha, akachomeka pini. Kisha, bila kuambiwa, akalegeza nati, akakiinamisha mbele, akakaza.

"Siku zote ni hivyo, afande."

Justa akakilaza sawa tena. "Sasa wewe, Ngosha."

"Mimi tena?"

"Wewe tena."

Ngosha alikipandisha, akakishusha, akachomeka pini na kukifuta vumbi kwa mkono wa shati.

"Umemaliza?"

"Nimemaliza, afande."

Nkwabi ndiye aliyeelewa kwanza. Alikaa chini pole pole.

"Ngosha, nati hizi huzijui. Ulipoondoka hazikuwepo."

Ngosha alitazama kiti, akamtazama kaka yake, na machozi yakamtoka.

"Nilikuwa nawahi geti la kiwanda cha samaki, kaka. Vibarua wanachukuliwa saa kumi na mbili. Kulikuwa na giza, sikumwona."

"Alikuwa hai?" Justa aliuliza.

"Aliniita. Alisema, 'Mwanangu.' Nikaogopa, nikageuza pikipiki."

"Ukakumbuka kushusha kiti."

"Kaka ana mguu mbaya. Ningemwachiaje kiti juu?"

Justa alitaka kumchukia, akashindwa, na hilo lilimuuma zaidi. Huruma ilikuwepo kwa kijana huyu. Angeitoa barabarani, asubuhi hii Akeyo angekuwa wodini akilalamikia uji.

Ngosha alifungwa pingu, akapakiwa garini. Walioshika mawe waliyaangusha wakatawanyika, na hakuna aliyempa Okwach hata neno la pole.

"Panda, katekista," Justa alisema. "Tutakupitisha msibani."

"Hapana, mwanangu. Kwa Akeyo nitakwenda kwa miguu."

Akaanza safari, akiuburuta ule mguu. Okwach alimtazama kidogo, kisha akamfuata, akafupisha hatua zake ndefu ili waende sambamba.