Chai ya Saa Nne ya Mama

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Editha alikuwa na kazi tatu: kufagia uwanja, kuteka maji bombani na kuokota mayai bandani. Ya kwanza aliipenda, ya pili aliizoea, ya tatu aliikimbia. Banda la kuku lilikuwa na mlango mfupi na viroboto wasio na haya, na msichana wa darasa la sita hafurahii kuingia mahali kwa magoti.

Mama alipokuwapo, hapakuwa na kukwepa. Lakini sasa mama alikuwa na siku tisa huko Mungaa, alikokwenda kumhudumia mdogo wake aliyejifungua mapacha. Nyumbani Misigiri walibaki Editha na baba, na baba kila alfajiri alishakuwa kwenye bustani yake ya vitunguu. Juzi Editha hakuokota mayai. Jana pia hakuokota. Alijiambia kwamba mayai hayana miguu, hayaendi popote.

Jumamosi hiyo aliamka na furaha. Mama angerudi kwa basi linalofika saa nne, na Editha alikuwa na mpango wake. Siku tisa mama amewapikia wengine, amefua nepi, amebembeleza watoto wawili kwa zamu. Leo apikiwe yeye! Anywe chai ya saa nne kwa raha zake, ameketi, si ile ya kusimama mlangoni huku anajifunga kanga aende shambani. Kungekuwa na viazi vitamu, chai ya maziwa yenye tangawizi, asali kidogo, na mayai ya kukaanga kwa mafuta ya alizeti na vitunguu vya baba.

Saa mbili Jenipher, rafiki yake wa darasani, alileta maziwa kutoka kwao.

"We Editha, leo kuna harusi hapa?" aliuliza alipoona kitambaa cheupe mezani.

"Mama anarudi. Nisaidie kumenya vitunguu, mimi nikachukue mayai."

"Kila mara kazi ya kulia unanipa mimi," Jenipher alisema, lakini alikwisha kushika kisu.

Sasa, bandani kulikuwa na jambo la kuangaliwa sana. Kuku wao mweusi alikuwa anaatamia, na mayai aliyoyalalia hayakuwa yao. Yalikuwa mayai tisa ya jirani yao, Bibi Selina. Ugonjwa wa mdondo ulikuwa umepita kwa bibi huyo na kuwamaliza kuku wake wote kwa juma moja. Kuku wa mama Editha walipona kwa sababu mama huwachanja, tone moja jichoni, kila baada ya miezi mitatu. Bibi Selina alibaki na mayai hayo tu ya kuku wake wa kishungi, ukoo aliopewa na mama yake mzazi siku alipoolewa. Alikuja nayo ndani ya ungo, akaomba yaatamiwe.

Siku moja kabla ya safari, mama aliyachora yote msalaba kwa mkaa. "Kuku wengine watakuja kutaga humu humu," alimwambia Editha. "Lenye mkaa ni la bibi, usiliguse. Lisilo na mkaa ni letu. Na uokote kila siku, yasirundikane."

Editha alipiga magoti, akaingiza kichwa bandani. Kuku mweusi alikuwa ametoka kudonoa. Kiota kilikuwa kimejaa mayai hadi ukingoni, na moja la juu lilikuwa limepasuka. Kiini kilikuwa kimetapakaa juu ya mayai mengine, kikachanganyika na kinyesi na manyoya. Editha hakuona mkaa wala weupe. Akayatoa yote nje, akayaweka kwenye beseni, akamwagia maji na kuyasugua haraka haraka ili aone vizuri.

Aliona vizuri mno. Mayai kumi na manne yalimtazama, meupe, safi, yote sawa. Maji ya beseni yalikuwa meusi kwa mkaa.

"Mama yangu!" alisema.

Jenipher alitoka jikoni macho yakimtiririka kwa vitunguu. Alipoelezwa, alikuna kichwa. "Chagua tisa yoyote urudishe. Kuku hajui kuhesabu."

"Na nikikosea? Nikivunja kikaangoni lenye kifaranga?"

"Basi yarudishe yote, halafu yasipoanguliwa sema kicheche aliingia. Nani atamuuliza kicheche?"

Editha aliyafuta mayai, akayafunga kwenye kanga. Maneno yale yalimwingia vizuri, na hilo ndilo lililomtisha. Kicheche asingekuja kujitetea. Mama asingejua. Lakini kila siku jioni Bibi Selina alipita pale uani na kuuliza, "Wanangu hawajambo?" Angemjibu nini kesho? Upepo wa asubuhi ulikuwa wa baridi, na mayai ndani ya kanga yalizidi kupoa.

"Angalia viazi visiungue," alimwambia Jenipher. Akaikumbatia kanga kifuani, akaenda kwa jirani.

Bibi Selina alikuwa anapepeta uwele mlangoni kwake.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Umekumbatia nini hicho?"

Editha alikuwa amepanga maneno njiani, yote yakampotea. "Bibi, nimeyaharibu mayai yako. Sikuokota yetu siku mbili, yakabanana, moja likapasuka. Nimeyaosha na alama zimetoka. Sasa siyajui yako ni yapi." Halafu akalia.

Bibi aliweka ungo chini. Editha aliona mikono yake ikikaza magotini. Ni kweli aliumia, na wala hakujaribu kuficha.

"Umeyaosha saa ngapi?" aliuliza hatimaye.

"Sasa hivi tu, bibi."

"Basi acha kulia, machozi hayaatamii. Ingia ndani, ufunge mlango na dirisha."

Ndani kukawa giza. Bibi alitoa simu yake ndogo yenye tochi, akazungushia kiganja juu ya mwanga ubaki mwembamba. Akasimamisha yai la kwanza juu yake. Yai lote likang'aa manjano, tupu.

"Hili ni bichi, la kwenu. Lete lingine."

La pili liliposimama, Editha aliinama karibu. Ndani yake palikuwa na mishipa myekundu, myembamba kama nyuzi, imetoka kwenye doa jeusi. Na lile doa lilicheza.

"Bibi, linatikisika!"

"Huyo hapo," bibi alisema, na sauti yake ikalegea. "Siku kumi hizi mtoto ameshaumbika. Mpeleke kifuani kwako, asipate baridi."

Waliyapima yote. Manane yalikuwa na mishipa. Sita yaling'aa tupu. Bibi akayatia hayo sita kwenye sufuria ya maji: matano yalilala chini, moja likasimama wima.

"Linalosimama ni la siku nyingi, kwa hiyo ni langu, lakini ni viza," alisema. "Halikuwa na kitu tangu mwanzo, wewe hukuliua. Matano haya kakaange."

Walirudi haraka. Kuku mweusi alikuwa anazunguka kiota kitupu huku akilalamika. Editha alichora msalaba kwa mkaa kwenye mayai manane, safari hii polepole, akayapanga. Kuku aliyakagua moja moja, kisha akayalalia. Bibi Selina alichuchumaa pale mpaka alipohakikisha ametulia.

Mama alipoingia uani na begi lake, viazi vilikuwa vimeungua upande mmoja na mayai ndiyo kwanza yanaingia kikaangoni. Aliona kitambaa cheupe, bakuli la asali na kiti chake kimewekwa mezani, akasimama.

"Haya yote ya nani?"

"Yako, mama. Shikamoo. Karibu ukae." Lakini mama alipotaka kunyoosha mkono kwenye sahani, Editha alisema, "Kabla hujala, kuna jambo." Akaeleza yote mbele ya Bibi Selina na Jenipher, hata ile habari ya kicheche. Jenipher alianza kuchunguza kucha zake.

Mama alisikiliza hadi mwisho. "Nilikukataza kuyaacha yarundikane," alisema. "Kazi ya dakika tano uliyoikimbia siku mbili, leo karibu imtie bibi yako hasara. Kuanzia kesho unaokota asubuhi na jioni, na hilo banda utalifagia." Kisha akamvuta karibu. "Ila kwa kwenda kwa bibi mwenyewe, ahsante. Sasa nipe hayo mayai, nina njaa ya kutoka Mungaa."

Walikula wote wanne, viazi vilivyoungua wakivikwangua kwa kisu. Mama alikunywa vikombe vitatu, ameketi.

Siku kumi na moja baadaye vifaranga wanane walitoka. Mama alimfundisha Editha kuwachanja, naye akawatia tone jichoni mmoja mmoja bila kumruka hata mmoja. Bibi Selina alipokuja kuwachukua walipokuwa wakubwa kidogo, alimchagua jike mwenye kishungi kizuri kuliko wote, akamweka mikononi mwa Editha.

"Huyu ni wako."

"Hapana, bibi! Mimi si ndiye niliyekaribia kuwaua?"

"Ndiyo maana nakupa," bibi alisema huku akifunika tenga lake. "Kufuga kuna makosa mengi, hata mimi nilipuuza chanjo, nikazika kuku wangu wote. Mtu mzuri wa kumkabidhi kitu si yule asiyekosea, mjukuu wangu. Ni yule ambaye akikosea atakuja kukuambia mapema, wakati mayai bado yana joto."