Pwani Chumbani kwa Tresor

Jumapili hiyo nilikuwa nimekaa mkekani uani kwangu, hapa Makindye, nachambua mukene, wale dagaa wadogo wa ziwani ambao mwanangu hunichukulia Ggaba. Mvua ya alfajiri ilishakauka. Ua nilikuwa nimeufagia vizuri, mistari ya ufagio inaonekana kwenye udongo mwekundu kama nywele zilizochanwa. Nasema hilo la ufagio mapema kwa sababu baadaye utalihitaji.

Vyumba vyangu vya kupangisha vimepangana mstari mmoja chini ya kambi ya jeshi, bomba katikati, choo mwisho. Mpangaji akikaanga nyama mimi najua. Akirudia maharage ya jana najua pia. Sisikilizi milangoni mwa watu, ila masikio Mungu hakuyawekea kifuniko, na jiko langu la mkaa liko mahali lilipo.

Chumba cha mwisho alikaa Tresor, kijana Mkongo wa kutoka Bukavu. Mpole, msafi, mtu wa kanisa. Tabu yake ilikuwa moja tu, kile kinanda chake cha umeme. Hakikupiga wimbo wowote ninaoujua. Kilivuma. Kutoka kwenye kinanda waya ulishuka sakafuni ukaingia kwenye visanduku vidogo vya chuma vilivyopangwa kama miche ya sabuni dukani, kila kimoja na taa yake nyekundu na kitufe cha kukanyaga. Aliviita pedali. Alikaa kwenye stuli miguu mitupu, vidole vya mikono juu, vidole vya miguu chini, kama fundi cherehani. Na eti vijana wa Kabalagala walikuwa wanatoa kiingilio kwenda kusikia huo mvumo, wanafumba macho.

"Tresor, mwanangu," nilimwambia siku moja, "hiyo friji yako imeharibika."

Akacheka. "Mama, mimi sipigi wimbo. Mimi natengeneza pahali."

Akanionyesha. Alibonyeza sauti moja kwenye kinanda. Alipokanyaga pedali ya kwanza, ile sauti ikakwaruza kama koo la mtu mwenye mafua. Alipokanyaga ya pili, ikaenda mbali ikarudi na mwangwi, kama tuko ndani ya kanisa lisilo na watu. Kisha akagusa kwa kidole gumba ile ya mwisho, iliyobambuka rangi.

"Hii ndiyo napenda. Inakamata. Nikikanyaga mara moja inameza sauti. Nikikanyaga tena inaizungusha, inarudia, inarudia."

"Na usipoizima?"

"Itazunguka tu, Mama. Haichoki."

Nikaondoka zangu. Nilipofika kwenye bomba nikasikia mtu nyuma yangu anasema, "Na usipoizima? Na usipoizima?" Ilikuwa sauti yangu mwenyewe, ameikamata kwa utani. Nilicheka. Ila mara ya mwisho kabla hajaizima, ile sauti ilikuwa nzito kidogo kuliko yangu.

Sasa njoo chumba cha mbele. Hapo alikaa Joska, mjane wa Okwera. Okwera alikuwa mwanajeshi, Mwacholi wa Kitgum, mtu wa kucheka sana. Alifia vitani Somalia, ufukweni, na mwili haukupatikana. Tulikaa matanga bila kaburi. Wazee wake wakatuma neno kutoka Kitgum. Aliyefia mbali hajui njia. Mtu wake lazima aende palepale alipoanguka, amwite jina mara moja, halafu ageuke atembee mpaka nyumbani. Asimwite tena. Asitazame nyuma. Marehemu atafuata ule wito mmoja, atafika, atapumzika.

Lakini nani wa kumpeleka Joska kwenye ufukwe ule?

Na mtoto wao, Aciro, alikuwa anaisha. Mtoto wa darasa la pili, alikuwa akiimba uani kutwa, sasa hali. Mikono imekuwa kama njiti za ufagio. Hospitali walipima damu, wakapima tena, hawakuona kitu. Kila akisinzia mchana anaamka na maneno yaleyale: baba yuko mlangoni, anauliza njia.

"Jaja," Joska aliniambia, jina hilo la bibi wanaloniita wote hapa, "huyu mtu asipofika nyumbani, atamchukua mtoto amwonyeshe njia."



Alichokuwa nacho Joska ni simu. Ndani yake mlikuwa na sauti ambayo Okwera alijirekodi akiwa ufukweni, siku chache kabla hajafa. Mawimbi, upepo, halafu yeye: "Joska, sikia bahari." Basi. Jioni moja nikamwona anabisha kwa Tresor na ile simu mkononi. Nikasogeza sufuria yangu karibu kidogo.

"Ulisema unatengeneza pahali," Joska alisema. "Nitengenezee ufukwe huu."

Tresor alisikiliza yale mawimbi mpaka mwisho. "Mama Aciro, mimi niko mtu wa kusali."

"Na mimi pia. Padri amesali. Mtoto bado hali."

Hilo ndilo lililomshinda.

Basi Jumapili ile. Wapangaji wote wamekwenda makanisani, jua liko utosini, hakuna hata wingu. Joska aliacha mlango wake wazi, Aciro amekaa kitandani ndani, ameambiwa asitoke. Alipopita kwangu aliinama akaninong'oneza, "Jaja, naomba leo usiongee." Aliyajua maradhi yangu ya mdomo. Nikamwitikia kwa kichwa.

Tresor alikuwa amechomeka simu kwenye zile pedali. Bahari ilianza ndogo, kama mtu anafagia nyumba ya jirani. Kisha kinanda kikaingia chini yake, kizito, ukakisikia kwenye mifupa ya makalio. Pedali moja. Nyingine. Mawimbi yakapanuka mpaka kuta za chumba zikawa hazipo. Mimi ni mtoto wa Bombo, bahari sijaiona maishani. Lakini nilisikia harufu ya chumvi. Na nzi wote waliokuwa kwenye mukene wangu wakaondoka kwa mkupuo mmoja.

Joska alisimama katikati ya chumba cha Tresor. Hakupaza sauti.

"Okwera, bin, wacit gang."

Okwera, njoo, twende nyumbani. Mara moja. Kisha akageuka, akatoka.

Alinipita akitazama mbele. Kandambili zake ziliacha alama kwenye ua wangu uliofagiwa. Nikatazama nyuma yake.

Kulikuwa na alama nyingine zinatokea. Za buti. Moja. Ikafuata ya pili. Juu yake hakuna mtu. Udongo ulikuwa mkavu, lakini kila unyayo ulijaa maji.

Joska aliingia kwake. Nyayo zikafika kizingitini zikasimama. Ndani nikamsikia Aciro anasema polepole, "Baba." Akacheka. Kicheko kile tulikuwa tumekisahau. Kama mambo yangeishia hapo, ningekuwa nakusimulia kisa kizuri.

"Okwera, bin, wacit gang."

Ilitoka chumbani kwa Tresor. Ilikuwa sauti ya Joska. Na Joska nilikuwa namwona, amesimama mlangoni kwake, viganja viwili vimeziba mdomo.

Nyayo ziligeuka.

Zikapita mbele ya mkeka wangu, zikarudi kule zilikoitwa. Tresor akatoka nje. Midomo yake imekuwa ya kijivu.

"Mguu, Mama," alinong'ona. "Mguu ulikanyaga wenyewe."

Nikaelewa. Miaka yote mguu ule umezoea kukamata kila sauti nzuri inayopita. Uliikamata ile ya Joska. Wito wa mara moja sasa ulikuwa unazunguka.

"Zima," nikamwambia.

"Nimezima."

Akanyoosha mikono. Ameng'oa nyaya zote, zinaning'inia kama matumbo ya kuku. Nyuma yake, sakafuni, pedali zote zilikuwa gizani. Isipokuwa ile iliyobambuka. Taa yake inawaka.

"Okwera, bin, wacit gang."

Nyayo zilikuja. Hazikuwa jozi moja.

"Okwera, bin, wacit gang."

Zilikwenda. Zilirudi. Nyingi zaidi. Nyingine za buti. Nyingine za mguu mtupu. Mmoja alikuwa anaburuta mguu wake, mfereji mrefu kutoka kwa Tresor hadi bombani. Mistari ya ufagio wangu ilifutika yote. Na kila wito ulishuka, ukawa mzito, mpaka haikuwa tena sauti ya mwanamke. Kule ufukweni Okwera hakuanguka peke yake. Wale wengine pia hakuna aliyewaita. Walisikia mtu anaitwa nyumbani, anaitwa, anaitwa. Wakainuka.

Bahari ikanyamaza.

Hakuna jogoo, hakuna bodaboda barabarani. Mlangoni kwa Joska akasema mwanamume. Sauti ilikuwa inakwaruza. Ya adabu.

"Nimefika, mama Aciro. Na hawa niliofuatana nao, waingie wapi?"

Joska hakujibu. Alijua atakayejibu atakuwa amewakaribisha wote. Mimi nilijiuma ulimi mpaka nikaonja damu. Tresor alikuwa amepiga magoti kwenye matope, anatingisha kichwa, hapana, hapana.

Lakini Aciro ni mtoto aliyelelewa vizuri. Wageni wakisimama mlangoni, huwaachi wamesimama.

"Karibuni," akasema.

Ile taa nyekundu ikazimika.

Mchana huohuo Aciro alikula. Sahani ya posho, ugali wetu wa hapa, na maharage, akaimaliza, akaomba nyingine. Mama yake akalia kwa furaha. Kisha mtoto akashuka kitandani, akatoa sahani zote za nyumba ile akazipanga ukutani chini. Zilipokwisha akapanga vikombe. Vilipokwisha akapanga vifuniko vya sufuria. Halafu akakaa, akangoja, hataki kugusa chakula chake mpaka wenzake wapakuliwe.

Kesho yake asubuhi Joska alimbeba mtoto wakapanda basi la Kitgum.

Alinipigia simu baadaye. Mtoto amenenepa, anaimba, haoti mtu yeyote. Wazee wamechinja mbuzi. Okwera amelala kwao.

"Peke yake?" nikauliza, maana mimi lazima niulize.

"Peke yake, Jaja."

Nikasikia anapumua.

"Wale wengine si wa Kitgum. Wangekuja huku kufanya nini? Jaja, mtoto alisema karibuni akiwa kwako."

Tresor naye alihama. Alichukua kinanda, akachukua pedali zake, ila ile iliyobambuka aliiacha juu ya dirisha. Nilimfuata nayo mpaka getini. Aliruka mbali kama nimeshika nyoka. "Mama, ile si yangu tena," akasema, na hakunitazama mimi. Alitazama nyuma yangu, uani.

Chumba cha Joska nimekipangisha mara kadhaa. Hawakai. Wa mwisho alikuwa mwalimu, mwanamume mtaratibu, hana mke, hana mtoto, hana mgeni. Alihama akilalamika kwamba watu ni wengi mno chumbani, hapati pa kunyoosha miguu. Sikumwambia kitu. Mdomo wangu mtaa mzima unaujua, lakini hilo niliweza kulinyamazia. Chumba kiko wazi sasa, kama una ndugu anatafuta.

Pedali niliirudisha dirishani, na bado iko palepale. Haina waya, haina umeme, hata betri nilifungua nikatazama, hamna. Kila asubuhi nikimaliza kufagia napitia kuitazama. Kila asubuhi ina mchanga juu ya kitufe. Mweupe, umelowa, na vipande vya makombe ndani yake. Udongo wa Makindye ni mwekundu, kila mtu anajua.

Leo nimeufuta tena kwa kitambaa. Kitufe kilikuwa kimezama chini, na nilipokivuta kwa kucha hakikupanda, kama vile kuna mtu hajaondoa mguu.