Kengele Kwa Ukungu

Kaeni hapa niwaambie hii ya mjukuu wangu Batula, na msinikate maneno, nikikatwa napotea.

Siku ya soko Isiolo imejaa, mbuzi zinalia, kina mama ya maziwa ya ngamia wanaitana. Batula, buibui nyeusi juu, suruali ya mazoezi chini, anainamia rundo la mitumba, anapata kiatu ya kukimbia, kijani. Anatafuta ya pili. Iko kwa mkono ya kijana mrefu, shati imepigwa pasi mpaka inasimama yenyewe.

"Salaam aleikum, dada. Hiyo ni yangu."

"Aleikum salaam. Yako aje? Mwanaume mrefu hivi, mguu ya mbuzi?"

"Mguu ya mbuzi ndiyo inapanda mlima."

Alikuwa Abdinajib wa Kiwanjani, mtoto wa Shire, watu ya malori tangu babu yao. Sisi ni Borana ya Burat, watu ya ngamia. Batula akamwachia viatu, lakini kwanza amwonyeshe hiyo mlima.

Basi kila Jumamosi asubuhi wakapanda gari na wenzao, kikundi nzima, msifikirie vibaya, mpaka msitu ya juu upande ya Timau, wakakimbia huko. Mimi niliona ni wazimu, mtu anakimbia na hakuna simba nyuma.

"Akaako," Batula akaniambia, maana kwetu babu ni akaako, "huku chini jua inatuchapa. Kule ukungu inakulamba uso kama ndama. Mti inanuka, maji inadondoka kwa shingo, na mguu inajua njia kabla ya macho. Nashuka na moyo imeoshwa."

Hapo nikajua si mlima peke yake anaipenda. Ilibaki wazee wa kina Shire walete kahawa, maana kwetu posa inaanza na kahawa.

Jumamosi moja ukungu ikawa nzito kama maziwa. Abdinajib akashika mlima, akatoka mbele, akapotea. Batula akaita, akaita. Akakaa kwa njia panda na baridi yake, mpaka wenzake wa nyuma wakamkuta, akateremka nao.

Jioni simu ikalia.

"Batu, mbona hukufika? Nimekungoja huko juu mpaka chai ikawa barafu!"

"Uliniacha."

"Sikukuacha, roho yangu. Lori ikishika mlima haisimami katikati. Inangoja mwenzake juu."

"Kumbe mimi ni lori?"

"Ai, Batu, sasa..."

"Kwetu ukungu ikishuka haachwi hata mbuzi mgonjwa. Ambia wazee wako wakae na kahawa yao."

Akakata. Mnaona? Mmoja alingoja juu, mwingine chini, na kila mtu analia ameachwa.

Batula akawa anakoroga chakula tu, hali. Kijana naye akaja kwangu. "Akaako, kwa ukungu nyinyi mnachunga aje?" Mimi nikiulizwa mambo ya ngamia simalizi. Nikaongea mpaka adhana ya Alasiri. Alipoenda, nikaona msumari ya kengele yangu ya ngamia iko peke yake ukutani.

Jumamosi Batula alienda hata hivyo, miguu ilikataa kukaa. Akakimbia nyuma kabisa, hamwangalii mtu. Ukungu ikashuka. Mara, huko mbele, akasikia kengele ya mbao: kolo, kolo, kolo. Akienda haraka, inaenda. Akipunguza, inapunguza.

Kando ya njia kulikuwa na mzee Mmeru, Marete, anachunga kondoo, na haoni hata fimbo yake.

"Haiya! Ngamia inatafuta nini huku kwa baridi? Ni ya nani?"

Kengele ikanyamaza. Batula akasimama, pumzi inatoka kama moshi, maji kwa kope.

"Ni yangu, mzee. Usiifukuze."

Halafu akapaza sauti. "Abdi!"

"Niko!"

"Hiyo kahawa wazee wako wameshakunywa, ama wataleta?"

Abdinajib akajibu na miguu. Lori ya kina Shire, ile haisimami kwa mlima, ikageuka hapo hapo katikati, na kengele ikateremka mbio, kolokolokolo, mpaka kondoo za Marete zikatawanyika zote.